Bibi Rufaida (r.a.): Muuguzi wa wagonjwa mahututi katika Msikiti wa Mtume

Muulize kijana wa Kiislamu wa kidato cha nne, awe anasoma Dar es Salaam, Tanga au huku kwetu Njombe, ni nani aliyeanzisha kazi ya uuguzi. Bila kusita atakutajia Florence Nightingale. Hatumlaumu, kwani ndivyo alivyofundishwa, na bibi yule wa Kiingereza aliyezaliwa 1820 na kufariki 1910 alifanya kazi kubwa. Mwishoni mwa 1854 alikwenda na wauguzi 38 hadi Üsküdar, mjini Istanbul, katika kambi ya jeshi ya Selimiye iliyokuwa mali ya dola ya Kiislamu ya Uthmaniya, kuwauguza askari wa Uingereza waliojeruhiwa katika vita vya Crimea. Mwaka 1860 akaanzisha chuo cha wauguzi mjini London. Tarehe aliyozaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Mwenye haki apewe haki yake.

Sasa muulize kijana huyo huyo, Rufaida ni nani? Atakukodolea macho. Waulize wazazi wake, nao watakukodolea macho. Nenda mbele zaidi ukamuulize ustadhi wake wa madrasa, na huenda naye akaomba muda akatazame vitabu. Ajabu ni kwamba bibi huyu aliishi Madina katika zama za Mtume (s.a.w.), alitibu majeruhi ndani ya uwanja wa Msikiti wa Mtume, na alifanya hivyo zaidi ya miaka 1,200 kabla Nightingale hajatia mguu Üsküdar.

Katika makala hii tutazame maisha ya Bibi Rufaida (r.a.), kisha tujiulize yanatudai nini sisi Waislamu wa mijini ambao hospitali tunazijua sana kwa kuugua, na hatuzijui kwa kuhudumu.

Ni nani bibi huyu?

Jina lake ni Rufaida bint Saad al-Aslamiyya. Jina hilo la mwisho linatuonesha kuwa alitokana na kabila la Banu Aslam. Ibn Is-haq, mwandishi wa mwanzo wa Sira, anamtaja kwa maneno machache lakini mazito. Anaeleza kuwa alikuwa na hema lake msikitini, kwamba alikuwa akitibu majeruhi, na kwamba alijitolea kwa kutaraji malipo ya Allah (s.w.t.) kuwahudumia Waislamu waliopatwa na tatizo na hawana mtu wa kuwaangalia.

Naye Ibn Saad, katika kitabu chake kikubwa cha Tabaqat, anamtaja mwanamke wa Banu Aslam aitwaye Kuaiba bint Saad. Anasema mwanamke huyo alitoa kiapo cha utii kwa Mtume (s.a.w.) baada ya Hijra, alikuwa na hema msikitini akitibu wagonjwa na majeruhi, na ndiye aliyemuuguza Saad bin Muadh (r.a.). Kabila ni lile lile, hema ni lile lile, mgonjwa ni yule yule. Kwa ajili hiyo wapo wanavyuoni walioona kuwa Rufaida na Kuaiba ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na wapo walioona kuwa ni ndugu wawili waliofanya kazi pamoja. Vyovyote iwavyo, hema lilikuwepo, na aliyekuwa akilisimamia alikuwa mwanamke wa Kiislamu.

Katika maandishi ya zama hizi imeenea kuwa baba yake alikuwa tabibu na kwamba ujuzi aliupata kwa kumsaidia. Hilo halipingani na desturi ya wakati ule. Kazi ya utabibu ilirithishwa kama uhunzi na ushonaji, mtoto akiangalia mikono ya mzazi.

Msomaji azingatie neno hili: wasio na mtu wa kuwaangalia. Madina ya wakati ule ilijaa wageni. Muhajirina walikuwa wameacha Makka nyumba zao, mali zao na jamaa zao. Mtu wa aina hiyo akijeruhiwa, nani atamlaza? Nani atamnywesha maji usiku? Nani atamwosha kidonda? Mwenye ukoo mkubwa alipelekwa kwa mama yake au mkewe. Asiye na ukoo alipelekwa kwa Rufaida. Kwa hiyo hema lile lilisimama kwa ajili ya wanyonge kwanza, na ndipo baadaye likampokea kiongozi mkubwa wa Madina.

Mshale wa Handaki

Mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627, makabila ya Waarabu yaliungana kuivamia Madina. Vitabu vya Sira vinataja kuwa walikuja watu wapatao 10,000, na Waislamu walikuwa kiasi cha 3,000. Ni vita vya Ahzab, ambavyo pia huitwa vya Handaki kwa sababu Waislamu walichimba handaki kuzuia farasi wa adui. Ulikuwa wakati wa baridi, chakula kilikuwa haba na upepo ulikuwa mkali.

Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa kabila la Aus, alitoka siku moja kwenda handakini akiwa amevaa deraya fupi. Mama yake alikuwa pamoja na Bibi Aisha (r.a.) katika ngome ya Banu Haritha, na Bibi Aisha aliingiwa na hofu alipoona mikono ya Saad iko wazi, haikufunikwa na chuma. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Mtu mmoja wa Kikureshi, Hibban bin al-Ariqa, alimfuma mshale ukampiga mkononi na kukata mshipa unaoitwa akhal, ule mkubwa wa mkononi ambao matabibu wa zamani walikuwa wakiutoboa wanapotaka kupunguza damu.

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuelewa uzito wa jambo. Mshipa mkubwa ukikatika, kinachomtishia mtu kwanza ni kumwagika damu. Hapakuwa na chupa ya damu ya kuongezewa, hapakuwa na uzi wa hospitali, hapakuwa na dawa ya kuzuia vijidudu. Kilichokuwepo ni kukandamiza, kufunga, majivu na moto. Miaka miwili nyuma, katika vita vya Uhud, Bibi Fatma (r.a.) alipoona damu ya baba yake haikatiki kwa kuoshwa na maji, alichoma kipande cha mkeka na kuyabandika majivu yake kwenye jeraha mpaka damu ikakoma. Kwa Saad (r.a.), Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilichoma jeraha kwa moto ili kuziba mshipa. Mkono ukavimba, na akalichoma mara ya pili.

Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) akaamuru Saad alazwe katika hema la Rufaida msikitini, ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Imamu Bukhari amepokea katika al-Adab al-Mufrad kuwa kila Mtume (s.a.w.) alipompitia jioni alimuuliza amekuwaje jioni ile, na asubuhi alimuuliza ameamkaje, naye Saad akimweleza.

Saad hakuwa mtu asiye na jamaa. Alikuwa na mama, alikuwa na ukoo mzima wa Banu Abdul Ash-hal, alikuwa na nyumba. Kwa nini basi asipelekwe kwake? Sababu moja imetajwa waziwazi, nayo ni ukaribu na Mtume (s.a.w.). Lakini ya pili inaonekana kwa mwenye kutazama: mgonjwa aliyezidiwa alipelekwa palipo na ujuzi. Heshima ya ukoo haikushindana na haja ya matibabu. Kiongozi wa Aus akalazwa mahali pale pale alipolazwa mgeni asiye na kwao.

Mwezi mmoja wa kukesha

Historia haikurefusha habari za kazi ya Rufaida katika siku zile, lakini imetuachia hali ya mgonjwa, na kwa hali ya mgonjwa tunaweza kuona kazi ya muuguzi.

Saad aliishi kwa muda wa kiasi cha mwezi mmoja tangu apigwe mshale. Mwezi mzima mtu mwenye mshipa mkubwa uliochomwa moto, mkono umevimba, yuko ndani ya hema. Kila anayefanya kazi wodini anajua maana yake. Ni kubadilisha kitambaa kilicholowa. Ni kumgeuza mgonjwa bila kuugusa mkono. Ni kumlisha asiyetaka kula. Ni kumpoza joto la homa. Ni kuamka usiku kutazama kama damu imeanza tena. Na jeraha lilielekea kupona. Katika mapokezi kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) imekuja kuwa lilikauka mpaka pakabaki mahali padogo tu, kiasi cha kipuli cha sikioni.

Katikati ya mwezi huo Saad aliitwa akatoe hukumu katika shauri la Banu Quraidha waliovunja mkataba wakati wa vita. Jamaa zake walimtoa hemani, wakampandisha juu ya punda waliyemwekea mto wa ngozi, wakamzunguka njiani. Baada ya hukumu alirejeshwa hemani.

Kisha usiku mmoja jeraha likapasuka. Pale msikitini palikuwa na hema jingine la watu wa Banu Ghifar. Hawakushtuliwa na sauti. Walishtuka kuona damu ikitiririka kuwafikia walipo. Walipokwenda kutazama wakamkuta Saad anavuja damu, na kwa jeraha hilo akafariki. Mapokezi sahihi yanaeleza kuwa Arshi ya Mwingi wa Rehema ilitikisika kwa kifo chake.

Matabibu wa leo wanalijua jambo hili. Jeraha la mshipa laweza kuonekana limefunga, na kumbe uchafu umekula ukuta wa mshipa kwa ndani, ukaachia baada ya siku nyingi. Hata leo, penye vifaa vyote, damu ya namna hiyo huua ikichelewa kuonekana. Kwa hiyo asije mtu akasema Rufaida alishindwa. Mgonjwa wake mashuhuri alifariki, na pamoja na hayo jina lake limebaki katika vitabu kwa sifa. Kazi ya muuguzi wa wagonjwa mahututi haipimwi kwa walionusurika peke yao. Ajali imeandikwa kwa Allah (s.w.t.). Mja anaulizwa juu ya juhudi, uaminifu na huruma.

Msingi wa chumba cha wagonjwa mahututi

Hapa inafaa tuseme neno la kielimu. Chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho mitaani tunakiita ICU, ni kitu kipya. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliikumba Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Wagonjwa walishindwa kupumua, na wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana kuwasukumia hewa kwa mkono mchana na usiku. Daktari Bjørn Ibsen, aliyeongoza kazi hiyo, mwaka uliofuata akaanzisha wodi maalumu ya kuwakusanya wagonjwa waliozidiwa na kuwaangalia saa zote. Hiyo huhesabiwa kuwa ICU ya mwanzo duniani.

Hatusemi kuwa hema la Rufaida lilikuwa ICU. Tukisema hivyo tutakuwa tunapiga chuku, na dini yetu haihitaji chuku. Tunachosema ni kwamba misingi mitatu ya kazi hiyo ilikuwepo Madina. Wa kwanza, aliyezidiwa atengewe mahali pake. Wa pili, mahali hapo pawe karibu na watu, si pembeni. Wa tatu, awepo mtu mwenye ujuzi ambaye kazi yake ni mgonjwa huyo tu. Mashine zilikuja baadaye. Moyo wa kazi ulikuwepo.

Hema linasafiri kwenda Khaibar

Mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628, Mtume (s.a.w.) alitoka na jeshi kwenda Khaibar, mji wa ngome ulioko kiasi cha kilomita 150 kaskazini ya Madina. Ibn Saad ameandika kuwa mwanamke wa Aslam mwenye hema la majeruhi alihudhuria Khaibar. Kazi iliyokuwa msikitini sasa ikafungwa mizigo na kupakiwa juu ya ngamia.

Hakwenda peke yake. Ummu Sinan al-Aslamiyya, mwanamke wa kabila lile lile, alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba ruhusa aende kushona viriba vya maji na kuwatibu wagonjwa na majeruhi. Mtume (s.a.w.) akamkubalia, akamweleza kuwa wapo wenzake waliokwisha omba, wa kabila lake na wa makabila mengine, na akampa hiari: asafiri pamoja na watu wake au asafiri pamoja na msafara wa Mtume. Akachagua kuwa pamoja na Bibi Ummu Salama (r.a.). Wanawake wa Banu Ghifar nao waliomba wakaruhusiwa, na miongoni mwao alikuwemo binti mdogo, Umayya bint Qais, ambaye Mtume (s.a.w.) alimpandisha nyuma ya ngamia wake, na baada ya ushindi akamvika kidani alichokithamini mpaka alipokufa.

Tazama jinsi safari ile ilivyopangwa. Mwanamke aliomba mwenyewe, akaruhusiwa, akapewa wenzake wa kusafiri nao, akalindwa, akathaminiwa. Katika mapokezi ya al-Waqidi, muuguzi yule wa Aslam alipewa katika ngawira fungu sawa na fungu la mwanamume. Mapokezi mengine yanasema wanawake walipewa zawadi bila ya kupigiwa fungu. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya hilo. Kinachokubaliwa na wote ni kwamba hawakurudishwa mikono mitupu wala kuambiwa kuwa malipo yao yako Akhera tu. Kazi yao ilihesabiwa kuwa kazi.

Na orodha ni ndefu. Ummu Atiyya (r.a.) alishiriki safari saba za kivita pamoja na Mtume (s.a.w.), akibaki kambini kupika na kuwahudumia majeruhi na wagonjwa. Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) na wenzake waliwanywesha maji wapiganaji na kuwarejesha Madina majeruhi na waliouawa. Ummu Sulaim (r.a.) na wanawake wa Ansari walifanya hivyo hivyo. Bibi Rufaida hakuwa mtu wa ajabu aliyezuka peke yake. Alitokana na jamii iliyoona kumuuguza mgonjwa ni ibada.

Alichokipanda kikaota

Waislamu waliofuata waliipanua kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 10, mjini Baghdad, waziri Ali bin Isa alimwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, awapeleke matabibu magerezani kila siku, na awatume wengine wakiwa na dawa kuzunguka vijiji vya Sawad ambavyo havikuwa na tabibu. Sinan akauliza juu ya vijiji ambavyo wakazi wake wengi ni Mayahudi. Jibu la waziri lilikuwa kwamba waanze na Waislamu, kisha wawatibu na wasiokuwa Waislamu, na hata wanyama. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali kubwa ya Mansuri, ambayo waqfu wake uligharimia wagonjwa, tajiri kwa maskini.

Katika zama zetu jina la bibi huyu limeanza kurudi. Chuo Kikuu cha Jamia Hamdard mjini New Delhi kina chuo cha uuguzi kinachoitwa kwa jina lake. Bahrain, chuo cha udaktari cha RCSI hutoa tuzo ya uuguzi yenye jina la Rufaida al-Aslamiyya. Sisi huku tumeliita jina hilo wapi?

Somo kutoka milima ya Makete

Nafundisha somo la dini katika mkoa wa Njombe, na mfano nitakaoutoa ni wa wilaya ya Makete, ambayo makao yake makuu ni mji mdogo wa Iwawa. Wengi wa wasomaji wa mijini wanawajua Wakinga wa Makete kwa maduka yao ya Kariakoo, Makambako na Njombe mjini. Kwao wenyewe ni milimani, kwenye baridi kali, mbali na barabara kuu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Njombe.

Wilaya hii imeonja msiba. Utafiti wa taifa wa 2011-12 ulionesha kuwa mkoa wa Njombe ulikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Makete ilitajwa sana miaka ile kwa wingi wa yatima na mabibi wanaolea wajukuu. Kabla dawa za kufubaza makali hazijaanza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, wagonjwa walirudishwa nyumbani kufa. Waliowafuata huko ni wahudumu wa majumbani, wengi wao wanawake wa kijijini, wakipanda mlima na kushuka bonde kuwaosha na kuwalisha watu ambao jamaa zao walikuwa wamekufa au wamewakimbia. Mtu asiye na mtu wa kumwangalia! Je, si neno lile lile lililoandikwa juu ya hema la Rufaida?

Katika wilaya hiyo hiyo ipo hospitali ya Ikonda, ya wamisionari wa Consolata. Wagonjwa wanapanda mabasi kutoka mikoa ya mbali, Dar es Salaam ikiwemo, kwenda kutibiwa juu ya mlima. Miongoni mwao wamo Waislamu, na wanapokelewa na kuuguzwa kama wengine. Wanaofanya wema tuwashukuru, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Lakini baada ya shukrani tujiulize: binti zetu wako wapi katika kazi hiyo?

Hesabu tunayodaiwa

Kila mara utamsikia Muislamu wa mjini analalamika. Mkewe amekwenda kujifungua, hakupata muuguzi wa Kiislamu wa kumsitiri. Mama yake amefia wodini, hakupata mtu wa kumlakinia shahada. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Lakini mwulize mlalamikaji huyo binti yake anasoma nini. Atakwambia biashara, sheria au kompyuta. Ukimtajia uuguzi anakunja uso. Anaona ni kazi ya kumwaga mikojo ya watu. Sasa huyo muuguzi wa Kiislamu anayemtaka wodini atoke tumbo la nani?

Wapo wanaosema kazi hiyo ina zamu za usiku. Ni kweli, na Saad (r.a.) alipasuka jeraha usiku. Wapo wanaosema muuguzi huwagusa wanaume. Wanavyuoni wamelieleza jambo la dharura na mipaka yake, na wale wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) waliwabeba na kuwafunga majeraha wanaume, naye Mtume akiwaona na kuwaruhusu. Wapo wanaohofia kuwa binti atapangiwa kazi mbali, apelekwe Iwawa asikojua mtu, kwenye baridi, bila ndugu wala jirani wa dini yake.

Hofu hii ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, na haijibiwi kwa kumzuia binti. Inajibiwa kwa kutazama safari ya Khaibar. Ummu Sinan hakuambiwa aende ajitegemee. Aliwekewa msafara. Basi binti wa Tanga au wa Ilala akipangiwa kituo cha milimani, ni wajibu wa Waislamu wa huko, hata wakiwa wachache, kumpokea. Msikiti wa mahali ujue kuwa amefika. Apatikane mwenye nyumba muaminifu wa kumpangisha. Kina mama wa jamaa wamtembelee mwezi wa kwanza, ambao ndio mwezi wa kukata tamaa. Na misikiti ya mjini alikotoka isimsahau baada ya kumwombea dua ya safari.

Vilevile misikiti yetu irudishe kazi ya hema. Hatuna haja ya kupiga hema uwanjani. Lakini kila msikiti wa jamaa ulio karibu na hospitali unaweza kuteua watu wanne au watano, wanaume kwa wanawake, wa kuingia wodini kila wiki kuwauliza wauguzi: yupo mgonjwa asiye na ndugu? Huyo apelekewe uji, afuliwe nguo, atafutiwe jamaa zake. Asiulizwe dini yake kwanza. Wenye afya wajiandikishe kuchangia damu, kwa sababu damu iliyomwagika hemani haikuwa na ya kuirudishia, na leo ipo njia. Matajiri wetu wanaojenga msikiti wa pili mtaa mmoja wafikirie kuwasomesha mabinti kumi wa uuguzi. Na sisi walimu wa dini tuingize maisha ya Rufaida katika masomo ya Sira, ili binti wa Kiislamu anapojaza fomu za chuo ajue kuwa anafuata nyayo za swahaba.

Bibi huyu hakuacha kitabu, hakuacha kasri, na hata juu ya jina lake wanavyuoni wana kauli mbili. Alichoacha ni hema na wagonjwa waliokuwa ndani yake. Siku ya Kiyama, Mwenyezi Mungu atamuuliza mwanadamu juu ya mgonjwa ambaye hakumzuru, kama ilivyokuja katika hadithi qudsi mashuhuri. Rufaida (r.a.) ana la kujibu. Kila mmoja wetu na atafute la kwake kabla ya kuulizwa.

Wallahu a'lam.